Vita vya diski za filamu ni somo kwa anayenunua mtambo

FEBRUARI 19, 2008 kampuni ya Toshiba ya Japan ilitangaza kuwa inaacha kutengeneza na kuuza deki za HD DVD. Tangazo hilo lilimaliza mvutano wa takriban miaka miwili kati ya mfumo huo wa diski za filamu na ule wa Blu-ray, uliokuwa ukipigiwa debe na Sony pamoja na kampuni nyingine kubwa za vifaa vya elektroniki.

Kwa mtu aliyekuwa pembeni, hiyo ilikuwa habari ya matajiri kugombea soko la burudani. Kwa aliyekuwa ameshatoa fedha zake kununua deki, na kwa mwenye duka aliyekuwa amejaza rafu diski za HD DVD, ilikuwa habari ya mtaji. Asubuhi alikuwa na bidhaa, jioni alikuwa na mzigo.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika vita hivi nyasi zilikuwa wanunuzi wa kawaida na wafanyabiashara wa Marekani, Japan na Ulaya. Afrika Mashariki ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu wengi wakati huo walikuwa bado wananunua deki za VCD na DVD, na runinga zenye uwezo wa kuonyesha picha ang'avu za HD zilikuwa chache.

Hata hivyo, kunusurika mara moja si kinga ya kudumu. Leo mkulima anayetafuta mtambo wa umeme wa jua, au kijana anayetaka pikipiki ya umeme, amesimama pale pale aliposimama mnunuzi wa deki mwaka 2006. Mbele yake ziko bidhaa mbili zinazofanya kazi moja, vifaa vyake haviingiliani, na mojawapo huenda isiwepo sokoni miaka michache ijayo. Ndiyo maana kisa cha diski hizi kinafaa kusomwa upya, hatua kwa hatua.

Leza ya aina moja, diski mbili

Ikumbukwe kuwa mifumo yote miwili ilitumia leza ya aina moja, ya rangi ya buluu inayokaribia zambarau, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 405. DVD ya kawaida husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650. Mawimbi yakiwa mafupi, leza huweza kusoma alama ndogo zaidi zilizosongamana. Ni sawa na mkulima anayepunguza nafasi kati ya mche na mche: shamba ni lile lile, lakini miche inayoingia ni mingi.

DVD yenye tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. HD DVD ya tabaka moja ilibeba 15, na Blu-ray 25. Zikiwa na tabaka mbili, HD DVD ilifika 30 na Blu-ray 50. Picha kamili ya HD ina nukta zaidi ya milioni 2, wakati picha ya DVD inayotumika katika nchi za Afrika Mashariki ina nukta zisizozidi laki nne na ushee. Tofauti hiyo, ya mara tano, ndiyo iliyokuwa ikiuzwa.

Tofauti ya diski hizo mbili ilikuwa katika ujenzi wake. Kwenye HD DVD, taarifa zilikaa milimita 0.6 chini ya uso wa diski, sawa na DVD. Kwa hiyo kiwanda cha DVD kiliweza kurekebisha mitambo yake na kuendelea na kazi. Kwenye Blu-ray, taarifa hukaa milimita 0.1 tu kutoka juu, hivyo ilihitaji mitambo mipya na utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo.

Kwa maneno mengine, HD DVD ilikuwa na unafuu wa gharama, na Blu-ray ilikuwa na nafasi kubwa. Kila upande ulikuwa na hoja ya haki. Mwaka 2005 yalifanyika mazungumzo ya kutafuta mfumo mmoja, yakashindikana. Kuanzia hapo kila upande ukaamua kumwachia mnunuzi gharama ya kuamua.

Deki za kwanza za HD DVD ziliingia madukani Marekani Aprili 18, 2006, ya bei ya chini ikiuzwa dola 499. Deki ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, ilifuata Juni mwaka huo kwa karibu dola 1,000. Mtu aliyeangalia bei peke yake hakuwa na sababu ya kusita: ya kwanza ilikuwa nusu ya bei, na picha yake ilikuwa safi.

Ushindi haukutokana na picha

Kilichoamua vita hivyo kilikuwa nje ya diski. Kwanza, Novemba 2006 Sony ilitoa mashine ya michezo ya PlayStation 3 ikiwa na Blu-ray ndani yake. Aliyenunua mashine hiyo kwa ajili ya mchezo alijikuta tayari ana deki ya filamu. Mshindani wake, Xbox 360 ya Microsoft, iliuza kifaa cha HD DVD pembeni kwa dola 199, na mwenye mashine alikuwa huru kukinunua au kukiacha. Wengi walikiacha.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni suala la nani ana filamu. Deki haina thamani bila diski za kuweka ndani yake, kama vile mashine ya kukoboa isivyo na thamani pasipo mpunga. Sony Pictures, Disney na Fox zilikuwa upande wa Blu-ray. Universal ilikuwa upande wa HD DVD. Warner ilitoa filamu zake kwa mifumo yote miwili, na Paramount nayo ilifanya hivyo hadi Agosti 2007, ilipohamia HD DVD peke yake pamoja na DreamWorks Animation. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa uhamisho huo uliambatana na malipo na motisha zenye thamani ya dola milioni 150.

Kwa miezi michache ilionekana kana kwamba mizani imelingana. Ndipo Januari 4, 2008 Warner ilipotangaza kwamba baadaye mwaka huo itatoa filamu kwa Blu-ray tu. Kilichofuata kilikwenda kasi. Februari 11 Netflix, ambayo wakati huo ilikodisha diski kwa njia ya posta, ilisema itaachana na HD DVD. Februari 15 Walmart, duka kubwa kuliko yote Marekani, likasema hivyo hivyo. Siku nne baadaye Toshiba ikainua mikono.

Kutoka tangazo la Warner hadi tangazo la Toshiba zilipita siku 46. Kutoka deki ya kwanza kuuzwa Marekani hadi mwisho ilipita miezi 22. Huo ndio umri wa teknolojia ambayo wauzaji wake walikuwa wakiinadi kama mrithi wa DVD.

Ni dhahiri kwamba mwenye duka aliyefuatilia habari za filamu, badala ya kubishana kuhusu ubora wa picha, alipata onyo mapema. Blockbuster, mtandao mkubwa wa maduka ya kukodisha filamu, ulisema tangu Juni 2007 kwamba sehemu kubwa ya maduka yake itaweka Blu-ray peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikikodishwa zaidi. Aliyekuwa na masikio alisikia.

Somo lililokwishatolewa

Kisa hicho hakikuwa kigeni. Mwaka 1975 Sony ilitoa kaseti ya video ya Betamax, na mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS. Wapo waliosema picha ya Betamax ilikuwa nzuri zaidi. Lakini kaseti za kwanza za Betamax zilirekodi saa moja tu, na zile za VHS saa mbili. Filamu moja ilihitaji kubadilishiwa kaseti kwenye mfumo mmoja, na kwenye mwingine mtazamaji alikaa akatulia hadi mwisho.

JVC pia iliwapa kampuni nyingine leseni za kutengeneza deki za VHS, zikawa nyingi, bei ikashuka, maduka ya kukodisha yakafuata palipo na wateja. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS. Kaseti tupu za Betamax iliendelea kuziuza hadi Machi 2016, kwa kuwa walikuwepo waliobaki nazo. Sony ilijifunza kutokana na kushindwa huko: miaka ya 2000 ilihakikisha ina studio za filamu, ina washirika wengi, na ina mashine inayoingia nyumbani kwa mlango mwingine.

Kwa mkulima na mfanyabiashara, jambo la kubeba hapa ni kwamba kitu bora na kitu kinachodumu sokoni si lazima kiwe kimoja. Kinachodumu ni kile ambacho watu wengi wanakitumia, mafundi wanakijua, vipuri vyake viko, na zaidi ya kampuni moja inakitengeneza.

Bei ikishuka ghafla

Mwanzoni mwa Novemba 2007 Walmart iliuza deki ya HD DVD kwa bei isiyofika dola 100. Watu walipanga foleni. Miezi mitatu na nusu baadaye mfumo ukafa. Baada ya tangazo la Warner, Toshiba ilipunguza bei ya deki zake kwa mara nyingine, na wapo waliodhani ni bahati imewaangukia.

Bei ya bidhaa mpya inaposhuka kwa kishindo, sababu huwa mojawapo kati ya mbili. Ya kwanza ni kwamba viwanda vimeongezeka na gharama imepungua, kama ilivyotokea kwa DVD na baadaye kwa paneli za umeme wa jua. Hiyo ni neema. Ya pili ni kwamba muuzaji anatafuta wateja kwa udi na uvumba kabla mlango haujafungwa. Hiyo ni ishara ya hatari.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza ni wangapi wamepunguza. Wakipunguza watengenezaji watano kwa pamoja, soko linakua. Akipunguza mmoja peke yake, mwenye bidhaa ambayo hakuna mwingine anayeitengeneza, mnunuzi ajiulize mara mbili. Deki za HD DVD kwa sehemu kubwa zilikuwa za Toshiba.

Haki ielezwe pia kwamba walionunua hawakupoteza kila kitu. Deki ya HD DVD iliweza kucheza DVD za kawaida, kwa hiyo ilibaki kuwa deki nzuri ya DVD. Machi 2008 duka la Best Buy liliwapa wateja walionunua deki hizo kadi ya kununulia bidhaa yenye thamani ya dola 50. Mwaka 2009 Warner ilianzisha mpango wa kubadilisha diski zake za HD DVD kwa Blu-ray, kwa malipo ya dola 4.95 kila moja pamoja na gharama ya kutuma. Waliokuwa wametunza diski na stakabadhi walinufaika.

Hesabu ya mwenye duka

Chukulia maduka mawili ya kukodisha filamu yaliyoweka mtaji sawa mwaka 2006, kila moja diski 100 za mfumo mpya kwa dola 20, jumla dola 2,000. Kila diski inakodishwa kwa dola 2. Ili diski irudishe fedha yake, lazima itoke mara 10.

Duka la kwanza lilichagua filamu mpya zinazotafutwa. Diski ilitoka mara mbili kwa wiki, na ndani ya wiki tano fedha ilikuwa imerudi. Kuanzia wiki ya sita, kilichoingia kilikuwa cha kulipia pango, umeme na faida. Mfumo ulipokufa, mwenye duka hilo alisikitika lakini hakulia.

Duka la pili lilichagua filamu za kupamba rafu, ambazo kila moja ilitoka mara moja kwa miezi miwili. Kwa miaka miwili ilitoka mara 12 na kuingiza dola 24. Ukitoa pango na umeme, mwenye duka alikuwa amefanya kazi bure, na mkononi kabaki na diski zisizo na mnunuzi.

Maduka yote mawili yalikuwa na bidhaa ile ile na yalipigwa na tukio lile lile. Kilichoyatofautisha ni muda wa kurudisha mtaji. Panapokuwa na shaka kuhusu maisha ya teknolojia, swali la kwanza lisiwe faida ni kiasi gani, bali fedha itarudi lini. Mtambo unaorudisha fedha yake kwa misimu miwili unaweza kuvumilia kampuni kufa msimu wa tatu. Unaohitaji misimu minane hauwezi.

Lipo kosa jingine lililowakumba wengi. Baada ya Januari 4, 2008 walikuwepo walioendelea kununua diski za HD DVD kwa hoja kwamba tayari wameshatumia fedha nyingi kwenye deki. Fedha iliyokwisha kutumika hairudi kwa kuongezewa nyingine. Mkulima aliyepanda mbegu isiyoota haendelei kuiwekea mbolea kwa sababu tu aliinunua ghali.

Mshindi naye hakukaa sana

Pamoja na kushinda, Blu-ray haikupata ufalme ilioutarajia. Watu wengi waliridhika na DVD, iliyokuwa rahisi na inayopatikana kila mahali. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo walivyofanya. Toshiba yenyewe ilijiunga na kundi la Blu-ray mwaka 2009.

Wakati tembo wawili wakipigana, mnyama wa tatu alikuwa akinywa maji kimya kimya. Januari 2007 Netflix ilianza kuwaonyesha wateja wake filamu kupitia intaneti. Blockbuster iliomba kinga ya mufilisi Septemba 2010. Septemba 29, 2023 Netflix ilituma diski yake ya mwisho kwa posta, baada ya miaka 25 na diski zaidi ya bilioni 5. Best Buy iliacha kuuza diski za filamu mwaka 2024. Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia, ingawa diski zenye filamu zimeendelea kutolewa na kampuni mbalimbali.

Je, hiyo ina maana kuwa aliyejikusanyia filamu za diski alipoteza muda? La hasha. Anayenunua filamu kwenye intaneti mara nyingi hanunui filamu. Ananunua ruhusa ya kuitazama kwa masharti ya muuzaji. Desemba 2023 Sony iliwaarifu wateja wa PlayStation kuwa vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevilipia vitaondolewa mwisho wa mwaka. Baada ya malalamiko, uamuzi huo ulisitishwa. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aeleze wazi pale mteja anaponunua leseni tu.

Tofauti hiyo mkulima anaielewa bila kufundishwa. Mwenye shamba lake na aliyekodishiwa wote wanavuna, lakini siku mwenye ardhi akibadili mawazo, mmoja anafungasha jembe. Diski iliyoko kabatini hakuna anayeweza kuifuta kutoka ofisini kwake.

Anayetaka kukusanya filamu

Kwa mwenye kibanda cha video, mwalimu, parokia, msikiti au familia inayotaka kuwa na hazina yake ya filamu, yapo mambo ya msingi yaliyothibitika.

Kwanza ni kuchagua kisichopatikana kwingine. Filamu kubwa ya Marekani itapatikana kesho kwa njia nyingine. Lakini filamu nyingi za Kiswahili za miaka ya 2000 zilitoka kwa kanda, VCD na DVD, na si zote zilizopandishwa kwenye intaneti. Hizo ndizo zenye thamani ya kutunzwa, kwa kuwa zikipotea hakuna wa kuzirudisha.

Pili ni kununua nakala halali. Diski ya kiwandani hupigwa chapa, wakati nyingi za kurekodi nyumbani hutegemea rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga. Kwa hiyo nakala ya kuchoma kwa kawaida huharibika mapema. Aidha, mwaka 2013 Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na aliyekuwa na shehena ya nakala bandia alikuwa na mali asiyoweza kuiuza waziwazi.

Tatu ni kuangalia kanda za dunia. Watengenezaji waligawa dunia mafungu ili diski ya sehemu moja isichezeke kwingine. Kwa DVD, nchi za Afrika Mashariki ziko fungu la 5, na Marekani iko la 1. Kwa Blu-ray, Afrika na Ulaya ziko fungu B, na Marekani na Japan ziko A. Mwenye ndugu ughaibuni anayetaka kumtumia zawadi ya filamu amwambie mapema, vinginevyo diski itafika na deki itaikataa.

Nne ni utunzaji. Diski ishikwe pembeni, isimamishwe wima ndani ya kasha lake, na ikae mbali na jua, vumbi na unyevu. Ikifutwa, ifutwe kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa laini, si kwa kuzungusha. Ghala linalofaa mahindi, yaani kavu na lenye kupitisha hewa, ndilo linalofaa diski pia.

Hata hivyo, utunzaji mzuri si dhamana. Mwaka 2025 Warner ilikiri kuwa baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zilikuwa zikiharibika zenyewe, na ikaahidi kuwabadilishia wateja. Kwa sababu hiyo, mwenye mkusanyiko azijaribu diski zake mara kwa mara, kama anavyopekua magunia kutafuta dumuzi, badala ya kusubiri siku ya haja.

Tano ni deki ya akiba na daftari. Kiwanda cha mwisho cha deki za VHS, cha kampuni ya Funai ya Japan, kilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Tangu hapo mwenye kanda bila deki ana plastiki tu. Na kila filamu iandikwe: jina, mwaka, mfumo, bei na aliyeazimwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kutoka sebuleni hadi shambani

Mvutano wa aina ile ile sasa uko katika vitu vinavyogusa kipato moja kwa moja. Nchini Kenya na Rwanda kampuni kadhaa zinauza pikipiki za umeme, na baadhi zina vituo vyao vya kubadilishia betri ambavyo havipokei betri ya kampuni nyingine. Dereva anayenunua pikipiki hiyo hanunui chombo tu. Ananunua pia uhai wa vituo. Vikifungwa, pikipiki nzima inageuka kuwa diski ya HD DVD yenye magurudumu mawili.

Hali hiyo hiyo inawezekana kwa mtambo wa umeme wa jua wenye plagi yake ya pekee, kwa pampu yenye kifaa cha kuendeshea kisichouzwa na mwingine, na kwa mpira wa matone wenye viungo visivyoingiliana na vya duka la jirani. Kitu kinapokuwa kizuri lakini kipuri chake kinatoka kwa mtu mmoja, mnunuzi amejifunga ndoa bila kumjua mwenzake.

Kabla ya kutoa fedha, mkulima aulize maswali machache. Je, kuna kampuni zaidi ya moja inayotengeneza kitu hiki au vipuri vyake? Je, fundi wa sokoni anakijua? Je, kitafanya kazi na vifaa vya zamani vilivyopo nyumbani, kama deki ya HD DVD ilivyoweza kucheza DVD? Je, fedha itarudi kwa muda gani? Na muuzaji akifunga duka, kitabaki na kazi gani?

Majibu yakiwa mabaya, si lazima aache. Anaweza kukodi msimu mmoja, kununua kwa ushirika ili hasara igawanyike, au kusubiri. Kusubiri nako kuna gharama, kwani ngoja ngoja huumiza matumbo, na aliyesubiri pampu kwa miaka mitatu ya ukame hakupata faida kwa busara yake. Lakini gharama hiyo ipigwe hesabu pembeni ya gharama ya kukosea, siyo kusahauliwa.

Ushirika una nguvu ambayo mtu mmoja hana. Kikundi cha wakulima 40 kinachonunua pampu 40 kinaweza kudai mkataba unaotaja vipuri, muda wa dhamana na fidia, jambo ambalo muuzaji hatampa mnunuzi mmoja. Walioambulia kadi ya dola 50 waliipata kwa kuwa walikuwa wengi, na duka halikutaka kuwapoteza wote.

Serikali za Afrika Mashariki na mashirika yake ya viwango nayo yana sehemu yake. Umoja wa Ulaya ulichoka na utitiri wa chaja, na tangu Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima ziwe na tundu la aina moja la USB-C. Hakuna kinachozuia Afrika Mashariki kukubaliana kuhusu plagi za mitambo midogo ya jua na betri za pikipiki, mapema, kabla mamia ya maelfu ya watu hawajaingia kila mmoja na lake.

Toshiba ilipopoteza vita, iliandika hasara kwenye vitabu vyake na kuendelea kuuza majokofu na kompyuta. Tembo ana ngozi ya kuvumilia. Mkulima aliyekopa SACCOS kununua mtambo hana ngozi hiyo, na hasara yake haiandikwi popote ila kwenye ada ya mtoto isiyolipwa. Ndiyo maana inampasa aulize kabla, maana baada ya tangazo la mwisho maswali hayana wa kuyajibu.